Chama Kabla ya Kura: Siasa za Bonde la Chania na Chaguzi za Marekani, 1919–1940

Katika shamba la Juja, kati ya Ruiru na Thika, aliwahi kulala mgombea urais wa Marekani. Mei 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ameondoka Ikulu ya Washington mwezi Machi mwaka uo huo, alifikia hapo katika safari yake ndefu ya uwindaji. Mwenyeji wake alikuwa William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa St. Louis, Missouri, aliyejitwalia ardhi kubwa mno iliyoenea kuelekea Ol Donyo Sabuk. Miaka mitatu baadaye Roosevelt alikihama chama chake cha Republican, akaunda chama kipya cha Progressive na kupata zaidi ya robo ya kura zote za urais. Alimwacha nyuma Rais William Howard Taft aliyekuwa madarakani, ingawa ushindi ulimwendea Woodrow Wilson wa Democratic. McMillan naye aliingia siasa, ila za huku: baada ya Vita Vikuu vya Kwanza aliketi katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya kama mwakilishi wa walowezi, na akafariki mwaka 1925.

Mmarekani huyo wa kuzaliwa alikuwa na kura na kiti. Maelfu ya watu waliolima kahawa na kukata katani katika mashamba yaliyopakana na lake hawakuwa na kimojawapo. Hata hivyo, mtu akitaka kujua ni wapi hasa chama cha siasa kilizaliwa katika bonde hili la mto Chania kati ya vita viwili vya dunia, yaani chama chenye ada, gazeti, wajumbe, ugomvi wa uongozi na watu wanaokihama, hatakipata kwa wale waliopiga kura. Atakipata kwa wale walionyimwa. Ukiweka historia hiyo kando ya chaguzi za Marekani za miaka ile ile, mengi yanayodhaniwa kuwa mambo ya Kenya peke yake yanaonekana kuwa sehemu ya swali moja kubwa lililoulizwa pande zote mbili za Atlantiki: nani ni raia anayestahili kumchagua mtawala wake?

Uchaguzi wa kwanza wa Kenya ulifanyika Februari 1920. Viti vilikuwa 11, na wapiga kura walikuwa Wazungu watu wazima waliokuwa raia wa Uingereza, wanaume kwa wanawake. Novemba mwaka huo Wamarekani nao walipiga kura yao ya kwanza ya urais tangu katiba yao iwahakikishie wanawake haki hiyo nchi nzima. Warren Harding wa Republican alimshinda James Cox wa Democratic kwa takriban asilimia 60 ya kura. Wote wawili walitoka jimbo la Ohio, na wote wawili walikuwa watu wa magazeti. Mgombea mwenza wa Cox alikuwa kijana aliyeitwa Franklin Delano Roosevelt, ndugu wa mbali wa yule mgeni wa Juja.

Lakini uchaguzi wa walowezi haukufanana sana na ule wa Ohio. Sensa ya 1921 ilihesabu Wazungu 9,651 katika Kenya nzima, pamoja na Wahindi 22,822, na Waafrika waliokadiriwa kuwa zaidi ya milioni 2. Jimbo la uchaguzi la walowezi lilikuwa na watu waliojuana kwa majina, waliokutana klabuni, kwenye mashindano ya farasi, na kwenye Blue Posts, hoteli iliyosimama tangu 1908 pale Chania inapokutana na Thika. Katika majimbo kadhaa mgombea alipita bila kupingwa. Jambo lenyewe lilikuwa limeshaamuliwa mapema, aghalabu katika Convention of Associations, umoja wa vyama vya wakulima wa Kizungu uliojulikana kama bunge la walowezi. Lord Delamere, kiongozi wa walowezi, aliwaunganisha wajumbe waliochaguliwa katika kundi lililoitwa Reform Party, ila jina hilo lilibeba zaidi ya kilichokuwamo. Halikuwa na chama pinzani cha kushindana nacho. Barazani wajumbe wa serikali ndio waliokuwa wengi, na mlowezi aliyechaguliwa hangeweza kuunda serikali hata angeshinda kila kiti. Kazi yake ilikuwa kumbana gavana.

Na walimbana kweli. Kodi ya mapato iliyoanzishwa mwaka 1921 waliipiga vita mpaka ikafutwa mwaka uliofuata, na haikurudi hadi 1937. Wahindi walipodai daftari moja la wapiga kura, wakiongozwa na watu kama A. M. Jeevanjee na Manilal Desai, walowezi waliunda kamati za siri mwaka 1922 na 1923, na mpango ukasukwa wa kumteka gavana Robert Coryndon na kumficha shambani. Serikali ya London iliwatuliza wote kwa Waraka wa Devonshire wa Julai 1923. Wahindi walipewa viti 5 katika daftari lao la pekee, jambo walilolikataa na kulisusia kwa miaka mingi. Waraka ulitamka kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulia. Waafrika wenyewe hawakupewa kiti hata kimoja. Mwaka 1924 aliteuliwa mmishenari, Dakta John Arthur wa Kanisa la Scotland, awasemee.

Hapo ndipo mto Chania unapoingia katika hadithi hii kwa uzito wake wote. Mto huo unatoka milima ya Nyandarua na kushuka hadi Thika, na kwa muda mrefu umekuwa mpaka kati ya Wagikuyu wa Kiambu upande wa kusini na wale wa Murang'a upande wa kaskazini. Wakoloni waliufanya mpaka wa wilaya, Kiambu huku, Fort Hall kule. Siasa nazo zikafuata mpaka. Kusini, muda mfupi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, machifu wa Kiambu waliunda Kikuyu Association, wakina Koinange wa Mbiyu, Josiah Njonjo na Philip James Karanja. Walikuwa watu wa heshima waliopoteza ardhi za mbari zao kwa walowezi na waliotaka kuirudisha kwa maombi, kwa adabu, na kwa msaada wa wamishenari. Wakati chama kama hicho kinapodharauliwa leo kuwa cha vibaraka, husahaulika kwamba ndicho kilichoandika malalamiko ya kwanza ya ardhi kwa lugha ambayo serikali isingeweza kusema haikuielewa.

Mwaka 1921 adabu hiyo haikutosha tena. Bei za mazao zilikuwa zimeanguka, na waajiri wa Kizungu wakakubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Kipande, yaani cheti cha utambulisho na kazi, kilikuwa kimeanza kuvalishwa wanaume shingoni, na kodi ya nyumba ilikuwa imepandishwa. Kijana mmoja aliyefanya kazi ya simu katika Hazina ya serikali Nairobi akaona machifu hawatoshi. Jina lake ni Harry Thuku. Alizaliwa mwaka 1895 Kambui, kwenye miinuko ya Kiambu juu ya Ruiru, na kusomeshwa na misheni ya Gospel Missionary Society, ambayo ilikuwa ya Wamarekani. Alianzisha Young Kikuyu Association, na baada ya muda mfupi akaibadili jina ikawa East African Association, kwa sababu alitaka Wakamba, Waganda, Waluo na Waswahili wa mjini wajione ni wenye chama. Desai alimpa nafasi ofisini mwake na mashine ya kuchapia, na Thuku akatoa karatasi ya Kiswahili iliyoitwa *Tangazo*. Aliandika pia hadi Tuskegee, Alabama, chuo cha Wamarekani weusi, akiomba msaada.

Chania haikuwa mpaka kwake. Mapema 1922 alivuka akahutubia mikutano mikubwa Murang'a, na wito wake wa kukusanya vipande vyote na kwenda kuvitupa kwa gavana ulienea kwa kasi iliyowatia hofu machifu pamoja na serikali. Machi 14 alikamatwa. Machi 16 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke kutoka Weithaga, Murang'a, aliwakemea wanaume waliosita, na watu wakasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi, na Wazungu waliokuwa kwenye baraza la hoteli ya Norfolk jirani wanatajwa kushiriki. Serikali ilikubali vifo 21. Waliokuwapo walitaja idadi kubwa zaidi. Kutoka New York, Marcus Garvey, kiongozi wa harakati za watu weusi, alimpelekea waziri mkuu wa Uingereza, Lloyd George, simu ya maandishi ya kulaani mauaji hayo. Thuku alipelekwa Kismayu na baadaye Marsabit, bila kufikishwa mahakamani, akakaa huko kwa zaidi ya miaka minane.

Kifungo hicho kinafaa kulinganishwa na cha mtu mwingine wa miaka ile. Katika uchaguzi wa Marekani wa 1920 mgombea wa chama cha Kisoshalisti, Eugene Debs, alikuwa mfungwa katika gereza la Atlanta kwa kuhutubia dhidi ya vita. Jina lake lilibaki kwenye karatasi ya kura, na Wamarekani zaidi ya 900,000 walimpigia. Desemba 1921 Harding, aliyemshinda, alimtoa gerezani. Debs alihukumiwa mahakamani na alipigiwa kura akiwa selo. Thuku hakuwa na hakimu wala karatasi ya kura. Wafuasi wake walibakiwa na njia moja tu ya kumpigia kura: kuendelea kulipa ada ya chama huku ombi la kwanza la chama likiwa kwamba Thuku arudishwe. Kwa miaka minane walifanya hivyo.

East African Association ilipigwa marufuku, na mbegu yake ikachipuka ng'ambo ya kaskazini ya Chania. Mwaka 1924, Murang'a, ilianzishwa Kikuyu Central Association, iliyojulikana zaidi kwa herufi zake, KCA. Rais wake alikuwa Joseph Kang'ethe. Jesse Kariuki na James Beauttah wakawa nguzo. Beauttah alikuwa karani wa posta na simu aliyeishi Mombasa na kwingine Afrika Mashariki, mtu wa lugha nyingi, na watu wa namna yake walikuwa wengi chamani: makarani, waalimu, wafanyabiashara wadogo, wale waliosoma misheni lakini hawakuteuliwa kuwa machifu. Walipompelekea gavana maombi yao mwaka 1925, walitaka Thuku aachiliwe, wapewe hatimiliki za ardhi, chifu mkuu achaguliwe na watu, na waruhusiwe kupanda kahawa.

Ombi la kahawa linapaswa kusomwa na mtu aliyesimama Ruiru. Kotekote kuizunguka stesheni yake mibuni ilijaa, na Waafrika ndio waliochimba mashimo, wakapogoa, wakachuma na kubeba magunia. Lakini Mgikuyu aliyeijua kazi hiyo kuanzia mche hadi gunia hakuruhusiwa kupanda mche mmoja nyuma ya nyumba yake. Hoja ya walowezi ilikuwa magonjwa ya mimea na ubora wa zao. Woga wao mwingine ulikuwa kwamba mtu mwenye kahawa yake hatakwenda kuchuma ya mwenzake. Serikali iliporuhusu majaribio katika miaka ya 1930 ilipeleka miche Kisii na Meru, mbali na mashamba ya Wazungu. Wagikuyu wa Kiambu na Murang'a walisubiri hadi baada ya Vita Vikuu vya Pili. Chama ambacho hakikuwa na mjumbe barazani ndicho kilichoshika jambo hilo mwaka baada ya mwaka, na mtu anayepima vyama kwa viti tu hatauona uzito wa kazi hiyo.

Kodi nayo inastahili kuangaliwa kwa utulivu, maana hapo ulinganisho na Marekani unauma. Katika majimbo ya Kusini ya Marekani, kama Virginia, Alabama na Texas, mtu aliyetaka kupiga kura alidaiwa kodi ya kichwa kwanza. Iliwekwa makusudi ili maskini, na hasa watu weusi, washindwe kuilipa, na pamoja nayo ukaja mtihani wa kusoma na kura za mchujo za chama cha Democratic zilizokuwa za Wazungu pekee. Kwa kuwa Democratic ilishinda Kusini karibu kila mara, aliyefungiwa nje ya mchujo alifungiwa nje ya uchaguzi wenyewe. Kule, asiyelipa hakupiga kura. Gatundu na Gatanga, mtu alilipa kodi ya nyumba na ya kichwa, akalipa chini ya tishio la kufungwa, na kura hakupata. Fedha zake zilijenga barabara za wilaya za walowezi na kulipa mishahara ya serikali iliyosikiliza barua za walowezi kwanza.

Wamarekani weusi walioweza kupiga kura, wengi wao wakiwa wamehamia miji ya Kaskazini, bado katika miaka ya 1920 walikiona Republican kuwa chama cha Abraham Lincoln. Lakini hata humo waligombaniwa. Kila baada ya miaka minne makundi mawili ya wajumbe wa jimbo moja la Kusini yalifika kwenye mkutano mkuu wa Republican yakidai viti vilevile, kundi moja la mchanganyiko wa weusi na weupe, jingine la weupe peke yao. Democratic ilikuwa na jeraha lake: mwaka 1924, pale Madison Square Garden, New York, wajumbe walipiga kura mara 103 kabla ya kumpata mgombea, John W. Davis, na hoja ya kulilaani kundi la Ku Klux Klan kwa jina ikashindwa kwa uchache wa ajabu. Mwaka huohuo Seneta Robert La Follette aligombea nje ya vyama vyote viwili, akapata kura milioni 4.8, na kushinda jimbo moja tu, la kwao Wisconsin.

Ugomvi wa nani ni mjumbe halali ulifika Chania pia, kwa njia yake. Mwaka 1928 KCA ilimwajiri katibu mkuu mpya, Johnstone Kenyatta, mzaliwa wa Ng'enda, Gatundu, aliyekuwa akisoma mita za maji Nairobi. Uteuzi huo ulikuwa wa busara kubwa. Chama cha Murang'a kilimpata mtu wa Kiambu, mtoto wa upande wa pili wa mto, kikampa kazi ya kuhariri gazeti la Kigikuyu, *Muigwithania*, lililoanza kutoka Mei 1928. Jina hilo lina maana ya mpatanishi, na ndivyo alivyofanya kazi: alizunguka, akaandika juu ya kilimo, usafi, elimu, ardhi na umoja wa Wagikuyu, kwa lugha ambayo machifu wa Kiambu wasingeikasirikia sana. Februari 1929 alipanda meli kwenda London na barua za chama.

Mwaka uo huo mto ulivukwa kwa nguvu kuliko wakati wowote. Wamishenari, Dakta Arthur akiwa mbele, waliwataka Wakristo watie sahihi kukataa tohara ya wanawake. Waumini wengi walijitoa kanisani, wimbo wa muthirigu ukaimbwa vijijini na serikali ikaupiga marufuku, na shule huru za Wagikuyu zikaanza kuota kote Kiambu na Murang'a. KCA, iliyokuwa dhaifu kusini mwa Chania, ikapata wafuasi wengi Kiambu kwa miezi michache. Ukweli usiopendeza unapaswa kusemwa wazi: chama kilikua kwa kutetea desturi iliyowaumiza wasichana, na wasichana hao hawakuulizwa na upande wowote. Lakini hoja ya siasa ilikuwa pana kuliko desturi. Mmishenari aliyeteuliwa kuwasemea Waafrika barazani ndiye aliyekuwa akipigana na maelfu yao hadharani. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa mtu yeyote kudai kwamba uwakilishi wa kuteuliwa unatosha.

Mwaka 1931 bunge la Uingereza lilitaka kusikia maoni juu ya kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Serikali ya Kenya iliwachagua mashahidi wake Waafrika, Koinange miongoni mwao pamoja na James Mutua wa Ukambani na Ezekiel Apindi wa Nyanza. KCA iliwatuma wake, Kenyatta na Parmenas Githendu Mockerie, na hao hawakupokelewa. Koinange aliyatetea madai ya ardhi mbele ya kamati kwa ujasiri, na haikuwa siri kwamba aliongea mengi ambayo KCA ingeyasema. Kwa hiyo pengo kati ya machifu na chama lilikuwa jembamba kuliko ilivyoonekana kwenye karatasi. Tofauti ilibaki moja: Koinange alitumwa na gavana, na wale wengine walitumwa na watu waliolipa ada.

Kisha ukaja mdororo wa uchumi. Nchini Marekani ulimwangusha Herbert Hoover. Novemba 1932 Franklin Roosevelt alipata kura 472 za wajumbe wa majimbo dhidi ya 59 za Hoover, na mwaka 1936 alimbakizia Alf Landon majimbo mawili tu kati ya 48. Katika ushindi huo wa pili Wamarekani weusi wengi wa Kaskazini walikihama chama cha Lincoln. Walifanya hivyo kwa sababu ya kazi na misaada ya serikali, ingawa Roosevelt hakuthubutu kusukuma sheria ya kuzuia mauaji ya kunyongwa na magenge, akihofia maseneta wa Kusini wa chama chake mwenyewe. Misaada yenyewe ilikuwa na sura mbili. Fedha za kuwafidia wakulima wapunguze pamba mara nyingi ziliishia kwa wenye mashamba, na wakulima wa nusu kwa nusu wakafukuzwa. Mwaka 1934, Arkansas, weusi na weupe kati yao waliunda chama chao cha kujitetea.

Huku, mwaka 1931 serikali ilianzisha benki ya ardhi ya kuwakopesha walowezi walioelemewa na bei za kahawa, mahindi na katani. Kodi ya Waafrika ilidaiwa kama kawaida wakati mishahara ilikuwa imeshuka. Sheria ya 1937 ilizipa halmashauri za walowezi mamlaka ya kupunguza maskwota, yaani Waafrika walioishi na kulima katika mashamba ya walowezi kwa malipo ya kazi yao, pamoja na mifugo yao, na kuwaongezea siku za kazi. Skwota wa Kenya na mkulima wa nusu kwa nusu wa Arkansas walikuwa wakibanwa kwa wakati mmoja na kwa mantiki moja: mwenye shamba anaokolewa na serikali, anayelima anapunguzwa. Skwota hakuwa na kura ya kujibu, na wengi wa wakulima wale wa Arkansas pia hawakuwa nayo.

Thuku aliachiliwa kipindi hicho cha dhiki. Mwanzoni mwa 1931 alikuwa kwao, na mwaka 1932 alichaguliwa rais wa KCA. Ungetarajia shangwe ya miaka mingi, lakini chama kilipasuka. Walizozana juu ya fedha, juu ya nani alikilinda chama wakati Thuku alipokuwa kizuizini, na juu ya njia: Thuku aliyerudi kutoka Marsabit alitaka mambo yafanywe kwa kufuata sheria na bila kugombana na serikali. Kang'ethe na Kariuki hawakukubali. Mwaka 1935 Thuku aliunda chama chake, Kikuyu Provincial Association. Baadaye akawa mkulima wa kahawa na sauti ya kuwapinga wenzake wa zamani.

Wengi humhukumu Thuku kwa miaka hiyo ya mwisho. Hukumu hiyo ni nyepesi. Mtu aliyekaa zaidi ya miaka minane jangwani bila hukumu alikuwa na haki ya kuogopa kurudi huko, na mgawanyiko wenyewe ni dalili kwamba KCA kilikuwa chama cha kweli. Theodore Roosevelt alikigawa chama chake mwaka 1912, La Follette alifanya hivyo 1924. Tofauti ni kwamba Republican ilikuwa na uchaguzi uliofuata wa kujipima na kujirekebisha. KCA na chama cha Thuku havikuwa na siku ya kura ya kuamua nani ana wafuasi wengi. Ugomvi wao ulibaki vijijini, kwenye mabaraza ya wilaya yaliyoongozwa na mkuu wa wilaya wa kikoloni (DC), na mioyoni, na baadhi yake ulirithiwa na watoto.

Kulikuwa na mtu mmoja kutoka pande hizi aliyeziona siasa za Marekani kwa macho yake. Mbiyu, mwana wa Chifu Koinange, alisafiri mwaka 1927 kwenda kusoma Hampton, Virginia, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani. Baadaye alisoma Ohio Wesleyan, kisha Columbia huko New York. Alikuwa nchini humo Hoover aliposhinda na alipoangushwa. Alirudi Kenya mwaka 1938, na mwaka uliofuata chuo cha waalimu kikafunguliwa Githunguri, kikiwa kilele cha shule huru. Fedha zake zilichangwa na wanakijiji na marika. Mwaka 1938 alifika pia Ralph Bunche, msomi Mmarekani mweusi, aliyekaribishwa na ukoo wa Koinange na kuhudhuria mikutano ya Wagikuyu. Aliporudi kwao aliandika ripoti ndefu juu ya namna watu weusi wa Kusini walivyonyimwa kura chini ya utawala wa Roosevelt. Aliyekuwa ameketi na Wagikuyu wasiokuwa na kura alikwenda kuwaandikia Wamarekani juu ya wenzake wasiokuwa na kura.

Mwisho wa miaka ya 1930 KCA ilikuwa imepata nguvu tena, huku ikishirikiana na Wakamba waliogoma chini ya Muindi Mbingu mwaka 1938 kupinga kuuzwa kwa ng'ombe wao, na pia na Wataita waliogombea ardhi yao. Ndoto ya Thuku ya 1921, ya chama kisicho cha kabila moja, ilianza kuonekana tena kupitia kwa watu aliogombana nao. Vita vilipoanza serikali haikungoja. Mei 1940 KCA ilipigwa marufuku na viongozi wake wakakamatwa, Kang'ethe na Kariuki wakiwamo. Novemba mwaka huo Franklin Roosevelt alimshinda Wendell Willkie na kuwa rais wa kwanza wa Marekani kuchaguliwa mara tatu.

Walowezi wa Thika na Ruiru waliendelea kuwa na mjumbe wao. Waafrika walimpata wa kwanza Oktoba 1944, Eliud Mathu, mwana wa Kiambu, na hata yeye aliteuliwa na gavana. Aprili mwaka uo huo Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi kutoka Texas, kwamba mchujo wa Wazungu pekee ni kinyume cha katiba. Uchaguzi wa kwanza wa Waafrika wa Kenya ulifanyika Machi 1957, wakati wa hali ya hatari. Mgikuyu, Mwembu au Mmeru aliyetaka kupiga kura ilimpasa awe na cheti cha kuthibitisha utiifu wake kwa serikali, na wengi wa watu wa pande zote mbili za Chania hawakukipata. Mathu alikipoteza kiti cha Mkoa wa Kati kwa Bernard Mate wa Meru. Kenyatta, aliyekuwa katibu wa KCA miaka 29 kabla, alikuwa gerezani Lokitaung.